Ukishakomba, Ngoja

Nakumbuka siku moja ya kiangazi niliyomfokea baba yangu kwa ajili ya kata moja ya maji. Mwanangu, shule nilikaa majuma mawili tu, na ng'ombe wangu wote nimewapata kwa jasho. Sijui maneno ya mapambo.

Mjerumani alikuwa anajenga reli kuja kwetu Ugogo. Baba akaenda kubeba mataruma, vile vyuma vizito vinavyolazwa chini ya reli; moja likamwangukia nyonga, akaletwa nyumbani kwa machela. Nikasema baba ni wangu, nitamuuguza mwenyewe. Shangazi, dada yake, alipoleta uji nilimrudisha mlangoni na kibuyu chake. Majirani hivyo hivyo. Nilimwosha, nilimgeuza, nilichunga, nilichota maji. Miezi mitatu. Hata kusali niliacha.

Siku hiyo baba aliomba maji mara ya tatu. Nikamwambia, "Kwani wewe mchanga, unamwagiwa tu hushibi?"

Akageuza uso, akatazama ukuta. Nami, mpumbavu, nikashukuru kwamba ametulia. Kesho yake nikaona midomo yake imepasuka. Kumbe hakuomba tena.

"Niliogopa kukuchosha," akasema.

Nilikimbia mtoni. Kwetu kiangazi mto ni mchanga mtupu: unafukua shimo, maji yanajikusanya chini kidogo kidogo, unayakomba kwa kata. Nilikomba kwa pupa, nikafukua, nikakomba, mpaka ukingo ukabomoka na shimo likafukiwa. Nikakaa nikalia. Shangazi alikuwa kwenye shimo lake, hatua chache tu.

"We mwanaume, unalilia shimo au unamlilia baba yako?"

Nikamweleza yote. Hakunibembeleza.

"Mgogo mzima hujui kisima! Ukishakomba, unangoja. Wewe umejikomba miezi mitatu, sasa unamnywesha kaka yangu tope."

Akanijazia kibuyu kwa maji yake, akatangulia nyumbani. Baba alikunywa kata mbili mfululizo. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akajifuta midomo, akaniangalia.

"Mchanga umeshiba," akasema, akacheka.

Shangazi akanifukuza nikalale. Nilipoamka jua lilikuwa limeinama, na baba alikuwa anawasimulia majirani mambo ya ujana wake, wote wanacheka. Vicheko vile ndivyo nilivyomnyima, nikidhani namtunza.

Mwanangu unayeuguza, mgonjwa haulizwi uji, ni kweli; lakini anayeukoroga naye ana tumbo, tena ana roho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayekuja na kibuyu mlangoni mpishe apite, hata kama uji wake una mabonge. Lala. Mwambie Mungu umechoka, hatashangaa. Na ukianza kumfokea unayempenda, usijione mbaya sana. Jua tu kwamba umefika kwenye tope. Weka kata chini, ungoje maji yajae.

Mungu akupe mikono mingine kando ya mikono yako, na anayekutegemea asiogope kamwe kukuomba maji.