Waya Ulioachwa Mezani Kasulu

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya misheni kule Kibondo, sikushika hata spana. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi, mkali kama pilipili, alitandika gunia chini akaniambia nilikazie macho. Juu yake mafundi waliweka kila kilichotolewa kwenye injini iliyokuwa ikishushwa: bolti, nati, mabano, mipira ya maji, nyaya.

"Kazi yako ni hilo gunia," alisema. "Injini nyingine ikishafungwa, gunia likabaki na hata nati moja, gari haliwashwi. Umenisikia wewe?"

Nilimsikia. Moyoni nikasema, mzee huyu ana visa.

Kwake nilijifunza kwamba kubadili injini si kung'oa moja na kubandika nyingine. Shughuli yenyewe huanza ikishaingia. Haiwaki? Angalia mafuta yanafika, kisha angalia moto kwenye plagi. Inachemka? Kuna hewa imebaki ndani ya maji ya rejeta, itoe. Inatetemeka? Mipira inayobeba injini imekaa upande. Na stata ikizunguka kichovu, usikimbilie kulaumu betri. Tazama kwanza ethi, ule waya mnene unaounganisha injini na bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Usipofungwa, umeme utajitafutia njia nyingine. Utapita kwenye kebo ya mafuta, ile inayovutwa na pedali, na kuichoma polepole. Hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu, kwa hiyo msinitafutie udhuru.

Misheni ilipofunga karakana nilihamia Kasulu, karakana ya mtu binafsi. Msimamizi wa pale alikuwa mcheshi, hana neno na mtu, na alituharibu wote. Nilipouliza gunia liko wapi, mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu bwana katoka kwa mapadri!" Karakana ilikuwa juu ya mlima. Gari likigoma kuwaka, geti linafunguliwa, tunalisukuma, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, linanguruma. Linaondoka na ugonjwa wake.

"Huku kwetu Uha mteremko haukosekani," Msimamizi alikuwa akisema. "Mwambie mteja aegeshe mlimani. Lete lingine."

Nami nikazoea. Mazoea yana taabu.

Bukuru alikuwa dereva wa abiria, mtu wa kijiji cha Muyama, mpole, mwenye kusalimia karakana nzima mmoja mmoja kabla ya kusema shida yake. Injini yake ilikufa, akanunua ya mtumba, nikamfungia mimi. Tundu la bolti ya ethi kwenye injini ile lilikuwa upande mwingine, waya wa zamani haukufika. Nikauweka mezani. Nikasema kesho nitatafuta mrefu zaidi. Bukuru alikuwa na abiria wanamsubiri stendi, stata inazunguka kwa kunung'unika, basi tukafungua geti tukalisukuma. Likawaka, akanipungia mkono. Na ile kesho, ndugu zangu, sikuitafuta tena.

Wiki ya pili alirudi. Nilikuwa chini ya lori.

"Mwakeye, Fundi," alinisalimia kwa Kiha. "Asubuhi linaamka kwa shida. Halafu pedali ya mafuta imekuwa nzito siku hizi."

Pedali nzito! Mwanafunzi wa mwezi mmoja kule Kibondo angeruka aliposikia hivyo. Mimi sikutoa hata kichwa. "Betri hiyo," nilimjibu nikiwa chini ya lori. "Egesha mlimani."

Siku chache baadaye binti yake, Yasinta, wa miaka sita, alizidiwa na malaria. Muuguzi wa zahanati akawaambia mtoto hana damu, wakimbie hospitali Kasulu. Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika. Bondeni, penye kijito, gari lilikwama kwenye tope, injini ikazima. Stata ikagonga mara moja tu. Pale ni tambarare, mbele na nyuma. Bukuru na mkewe walisukuma, tope mpaka magotini, mtoto yuko mgongoni kwa mama. Lori la kwanza lilipotokea, Yasinta alikuwa ameshakata roho.

Gari lililetwa kwangu kwa kuvutwa. Nikainua boneti, nikaiona kebo imeungua, plastiki yake imeyeyuka. Nikamtuma Bukuru dukani akalete fyuzi ambayo sikuihitaji. Alipoondoka nikafunga ethi, nikabadili kebo, nikaitupa ile iliyoungua. Aliporudi akaniuliza, "Lilikuwa na nini?"

"Stata ilikufa," nilisema. "Pole sana, bwana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nilimsingizia Mungu.

Ajabu, hakunihama. Miaka na miaka aliniletea gari, hata kwa kazi ya kubadili oili ambayo angeifanya mwenyewe. Aliketi kwenye tairi, akinitazama. Nilijidanganya kwamba ananiamini. Msimamizi alipofariki nikashika nafasi yake, na siku ya kwanza nikatandika gunia. Vijana wakanung'unika. Nikawafokea, lakini sababu sikuwaambia.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Watu hudhani kustaafu ni kupumzika. Nani kasema? Ukiwa kazini kelele za injini zinakusaidia kutokufikiri. Nyumbani hakuna kelele. Mwezi uliopita nilishindwa, nikapanda gari kwenda Muyama. Nilimkuta Bukuru uani anapembua maharage, amezeeka. Nikamwambia yote, waya, pedali, fyuzi, huku nalia kama mtoto.

Hakuacha kupembua. "Najua," alisema. "Siku ile sikufika dukani. Nilirudia getini, nikakuona unaufunga huo waya."

"Sasa kwa nini uliendelea kuniletea gari?"

"Nilikuwa nakupa nafasi uniambie, Fundi. Kila nikirudi nyumbani, mama yake Yasinta alikuwa ananiuliza, 'Leo amesema?'"

Nikamwomba aniitie mama huyo, nipige magoti.

"Tulimzika wakati wa masika," alisema Bukuru. "Aliniuliza mpaka mwisho."