Kufuli na Nati pale Sonatubes

Juzi, katika duka la vifaa vya ujenzi pale Sonatubes, wanafunzi watatu walikuwa wamefunga kufuli kubwa kwenye uzi mmoja na nati ndogo kwenye uzi mwingine wa urefu uleule. Mwalimu wao wa fizikia aliwapa kazi ya kikundi: kipi kitabembea haraka zaidi?

"Kufuli," nikasema bila kuulizwa. "Ndilo zito."

Msichana aliyeshika nyuzi akaninyanyulia kiganja. "Ngoja, muzee. Mwalimu amesema tusiulize mtu, tuulize uzi."

Wakaviachia kwa pamoja, wakahesabu kwa sauti kwa lugha ya kwao, moja, mbili, tatu: rimwe, kabiri, gatatu. Hadi kumi, kufuli na nati vilikwenda na kurudi sambamba.

"Iko sawasawa," mwenye duka akasema, akinitazama mimi.

Mimi somo hilo nililisoma Bujumbura, kwa Kifaransa, nimesimama wima, mikono nyuma. Tufe la shaba la majaribio lilikaa ndani ya kabati la vioo. Tulilitazama miaka mitatu, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule. Lakini kanuni ya kubembea niliishika, na mwalimu akanipigia makofi. Makofi yale nayakumbuka mpaka leo.

Nikaikariri kimoyomoyo pale kaunta. Urefu wa uzi umo. Mvuto wa dunia umo. Uzito haumo, na haukuwahi kuwamo.

Nikamwomba msichana anipe zamu. Akanikabidhi nyuzi zote mbili.

"Hesabu kwa sauti, muzee."