Siku Lifti Aliponyamaza

Ilianza Ijumaa, saa sita na nusu mchana, kwenye foleni ya makande. Mbele yangu wavulana wawili wa kidato cha nne walikuwa wanabishana, na mmoja akasema kapteni wa Meli ni mjinga. Nikasema, "Mjinga ni wewe."

Nilidhani nimesema moyoni. Mambo yangu mengi huwa nayasema moyoni, na huko moyoni najibu watu vizuri sana. Lakini mpishi alisimamisha upawa hewani, na yule kijana akageuka akanitazama kama vile ukuta ndio umemjibu. Tangu muhula uanze nilikuwa sijasikika hata kwenye kuitikia jina. Mwalimu wa darasa alishazoea kuninyanyulia nyusi na kuweka tiki.

Nilitamani kuingia ndani ya sufuria la makande na kufunikwa. Badala yake nikashikwa mkono na msichana anayekaa dawati la mbele yangu, ambaye kwa muda wote huo nilikuwa naijua zaidi kola yake kuliko uso wake.

"Kumbe wewe ni mtu wa Meli!" akasema, kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Mbona hukuniambia? Nyumbani niko peke yangu. Braza na rafiki yake wote ni Lifti. Wananionea, aisee. Kesho njoo unisaidie."

Nikatikisa kichwa kukubali, maana sauti ilikuwa imeisha kwenye yale maneno matatu.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu kuna watu, kama baba yangu, wanaodhani hizi ni tamthilia moja. Meli ni hadithi ya watu waliopotea angani ndani ya chombo kikubwa, wanatafuta dunia nyingine ya kuhamia. Lifti ni hadithi ya jengo refu ambalo lifti yake, kila ikifunguka, watu wanatokea sayari tofauti. Zote mbili zinatoka nchi za mbali, na zote tunaziangalia zikiwa zimetafsiriwa. Yaani kuna bwana mmoja, fundi wa kutafsiri, anayeongea Kiswahili juu ya sauti zote: za wanaume, wanawake, watoto, roboti na ng'ombe wa sayari ya kijani. Unapeleka flash kwa jamaa wa duka la muvi, anakuwekea, unarudi nyumbani unaangalia mpaka TV inapata moto. Meli na Lifti zilitafsiriwa na bwana huyo huyo, ingawa sisi tuliokuwa tunagombana hatukuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kufikiria.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kualikwa kwa mtu. Kwenye misiba na ubarikio wa kanisani tunaalikwa kifamilia, ila mimi kama mimi, hapana. Na nilielewa nimeitwa kama wakili. Wakili asiyefungua mdomo haitwi mara ya pili. Usiku kucha nilifanya mazoezi ya hoja zangu moyoni, na zote zilikuwa nzuri.

Asubuhi nilipoomba ruhusa, mama alishusha ndoo chini.

"Wewe? Unaenda kwa mwenzako?"

"Ndiyo."

"Nenda! Nenda hata sasa hivi, kabla hujabadilisha mawazo."

Nikatoka kwetu Engutoto mpaka mtaani kwao, Ngarenaro. Kwao mbele kuna karakana ya kuchomelea mageti, nyuma ndipo nyumba. Nikakuta mageti yameegemezwa kila upande, yenye maua, yenye simba, moja lenye simba aliyetoka kama mbwa mwenye ndevu, nikashindwa kujua lipi ni la kuingilia. Nikapiga hodi kwenye geti la mteja.

"Hilo linauzwa!" mtu akapaza sauti. Alikuwa kaka yake, fundi, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso.

Kwa kuchanganyikiwa nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba... Eh! Nimekuzidi miaka mingapi, dada? Unanizeesha mbele ya watu!"

Watu wenyewe alikuwa mmoja, rafiki yake mwendesha bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake anakula muwa. Nikampa na yeye shikamoo ili mambo yawe sawa. Akakohoa muwa wote. Mama mwenye nyumba nilipomkuta uani anachambua maharage, shikamoo ya kweli ilikuwa imeniishia, nikamwambia, "Mambo?" Alinitazama kidogo, akasema, "Poa, mwanangu, pita ndani," na mimi nikapita ndani kwenda kufa.

Sebuleni ubishi ulianza kabla sijakaa.

"Nijibu kitu kimoja," alisema kaka mtu. "Ile Meli yenu imeungwa wapi? Nimeiangalia misimu yote, mbele, nyuma, chini, sijaona weldi hata moja. Kitu hakina weldi kinasimamaje?"

"Ni teknolojia," alisema rafiki yangu mpya, yule wa kola.

"Teknolojia bila weldi ni plastiki."

Bodaboda, yule wa muwa, akaingilia. "Mimi shida yangu mafuta. Wanatembea miaka na miaka, sijawahi kuona wanaingia sheli. Mimi nikienda Nduruma na kurudi tu, lazima niingie sheli."

"Wanatumia jua!"

"Jua lipi? Wako gizani tangu kipindi cha kwanza! Chalii," akamgeukia kaka mtu, "umewahi kuona wameanika hata nguo?"

Rafiki yangu akageuzia ubishi upande wa pili. "Na ile Lifti yenu imeandikwa watu sita. Wanaingia tisa na mbuzi. Juzi wameingia na kabati."

"Huo ndio uhalisia," alisema kaka yake. "Wewe uliona wapi kitu kimeandikwa watu sita kikabeba sita?"

Walicheka wote wawili wakagonga mikono. Rafiki yangu akanikodolea macho. Bodaboda akaona. "Haya, wakili huyo amekuja na hoja au amekuja na macho?"

Hoja zangu zote za usiku zilikimbia. Kitu pekee kilichobaki kichwani ni hotuba ya kapteni, ile anayompa balozi wa maadui mwishoni mwa msimu uliopita, kwa sababu hiyo naijua yote. Nikaisema huku naangalia kapeti.

"'Wewe balozi, kichwa kama beseni la kufulia. Umeingia kwenye meli yangu hujapiga hodi, hujavua viatu, hata shikamoo hujatoa. Unataka nikupe dunia yangu? Hata chumvi sikuazimi. Rudi ukamwambie mfalme wako kwamba mimi nilizaliwa siku ya mvua ya mawe, na mawe ndiyo yaliyoomba kujificha.'"

Kaka mtu akatikisa kichwa polepole.

"Hapo sina neno. Yule mzee mdomo anao."

Rafiki yangu alinipiga begani kwa furaha mpaka nikainama. Nilijisikia mrefu kama mlima.

"Lakini bado hamfikii Lifti mwenyewe," alisema bodaboda. Lifti, kwa wasiomjua, ni ile lifti yenyewe, na ndiye mhusika mkuu. Ana sauti nzito, ni mpole, na kila mlango ukifunguka anatoa neno: "Karibuni, msisukumane, mbuzi atangulie." Mwisho wa msimu uliopita alipigwa risasi kwenye vitufe. Akaagana na abiria wake mmoja mmoja. Bodaboda alikiri kwamba siku ile aliegesha pikipiki na hakubeba abiria mpaka jioni.

Basi wakakubaliana. Misimu mipya ya zote mbili ilikuwa imetoka. Kaka mtu alishaiweka kwenye flash, ila mbichi, kwa sababu yule bwana wa kutafsiri alikuwa bado hajaifikia. Tungeangalia kipindi kimoja cha Meli, kimoja cha Lifti, kisha ingejulikana nani ni nani.

"Si tuna macho?" alisema kaka mtu.

Meli ikaanza. Kwanza wanarudia yaliyopita, na cha kwanza kabisa ni kapteni na balozi, uso kwa uso. Nikanyoosha shingo. Balozi akaongea sana. Kapteni akamwangalia. Akamwangalia tena. Kisha kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeuliza choo kiko wapi, akasema, "No," akanywa maji.

Basi. Beseni hakuna, viatu hakuna, mvua ya mawe hakuna.

"Ndiyo hiyo hotuba?" aliuliza bodaboda.

Alianguka kutoka kwenye kiti. Kaka mtu alicheka akiwa amelala kifudifudi, anapiga sakafu. Kipindi kizima kapteni hakutukana mtu. Alikuwa baba mpole anayeumwa mgongo. Rafiki yangu hakuniangalia, na mimi nilianza kupima umbali kutoka kwenye kochi mpaka mlangoni. Nilijua sitaitwa tena, wala Jumatatu ile kola haitageuka.

"Sasa muone watu wazima," alisema kaka mtu, akaweka Lifti, akaruka marudio ya mwanzo.

Mafundi wakaonekana wanaitengeneza ile lifti. Wakabadilisha vitufe. Taa ikawaka. Bodaboda akavua kofia yake ngumu, akaiweka mapajani kwa heshima. Abiria tisa wakaingia. Mlango ukajifunga. Mlango ukafunguka.

"Ting," ilisema lifti.

Tukasubiri.

"Ting."

"Bado amedhoofu," alisema bodaboda.

Sayari ya pili, ting. Sayari ya tatu, ting. Kaka mtu akachukua rimoti, akarudisha nyuma mpaka kwenye yale marudio, pale alipopigwa risasi, pale pa kuagana. Abiria walikuwa wanalia na kuongea. Lifti ilikuwa imekaa tu, mlango wazi, kama kabati.

"Haongei," alisema kaka mtu kwa sauti ya chini. "Hajawahi kuongea, ni yule bwana wa kutafsiri tu. Hii ni lifti."

"Nilimlilia," alisema bodaboda. "Niliacha abiria wa kwenda Nduruma, nikamlilia lifti."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kufurahi lakini nilishindwa, walionekana kama watu waliofiwa. Na hapo ndipo mama mwenye nyumba akatokea mlangoni na ungo wake. Kumbe muda wote huo wa misimu yote, yeye alikuwa haangalii, alikuwa anasikiliza akiwa uani na kazi zake. Picha hakuwahi kuikazia macho.

"Mbona leo Lifti amenyamaza?" aliuliza. "Kwani hajapona?"

Kaka mtu akafungua mdomo amwambie ukweli. Nikaona uso wa yule mama, ungo kiunoni, anasubiri habari za mgonjwa wake. Mlango kwenye TV ukafunguka, ting, na sauti nzito ikatoka mahali fulani ikasema:

"Shikamoo mama. Nimepona, ila nina mafua."

Ilikuwa yangu.

"Marahaba, baba!" alisema mama, akaketi hapo hapo na ungo. "Pole sana. Uwe unakunywa tangawizi."

"Asante mama. Haya abiria, msisukumane, mbuzi atangulie."

Sasa ningefanyaje? Kiingereza changu ni cha darasani. Naweza kukueleza jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, lakini kwenye Lifti hakuna aliyegusia mmea. Nikatunga. Mwanamke mwenye koti jeupe alipolia, nikasema amekosa ndizi za mtori sayari nzima. Roboti walipopigana, nikasema wanagombea mpaka wa shamba la kahawa. Mama akauliza shamba la nani, nikamwambia la marehemu baba yao, akasema alijua. Rafiki yangu akaanza kunisaidia sauti za wanawake kwa pembeni. Nikapata kiburi. Lifti alipofika sayari ya sita, nikamfanya aseme, "Kusema ukweli abiria wangu, usafiri mzuri ni Meli."

"Hapana! Hapana!" Kaka mtu aliruka. "Huyu anatuharibia! Lifti hawezi kusema hivyo!"

"Wewe umesema haongei," alisema rafiki yangu.

"Haongei, lakini akiongea hawezi kusema hivyo!"

"Mwacheni mgonjwa aongee," alisema mama.

Ilibidi nirudie, bodaboda akiwa amenisimamia kama msimamizi wa mtihani. Baadaye tukarudisha Meli, nikamtukania kapteni balozi mpya mpaka mama akaniambia nipunguze, jirani yao naye ana kichwa kama beseni.

Jioni walinisindikiza mpaka barabarani. "Karibu tena," alisema mama. "Karibu tena," akasema na kaka mtu. Njia nzima nilikuwa nayapima hayo maneno. Kwetu karibu tena anaambiwa kila mtu, hata yule wa kusoma mita ya maji. Haina maana wanakutaka. Lakini pia haina maana hawakutaki, na rafiki yangu alikuwa ameshasema "kesho" halafu lori likapita, sikusikia kesho ndiyo nini.

Asubuhi nilikwenda ibada ya kwanza. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Ibada ilipoisha, wenzangu wakaelekea nyumbani, na mimi, bila kuitwa na mtu, nikashika njia ya Ngarenaro na gauni langu la kanisani. Kwenye yale mageti nikasimama. Nikafikiria kurudi. Nikasema hodi, na iliyotoka ni pumzi tu, ikabidi nigonge simba kwa funguo.

Mama alinichungulia kutoka uani. Hakuniambia karibu.

"Saa ngapi hizi? Wenzako wameshamenya nusu ya mkungu wa ndizi wakikusubiri," alisema, akanitupia khanga kuukuu nifunge juu ya gauni. "Paka mafuta mikononi, utomvu usikushike. Kisu hicho hapo."

Nikakaa kwenye kigoda kando ya rafiki yangu, nikaanza kumenya ndizi.