Mbegu ya Uchachu

Nyumbani kwetu, karibu na Kasoli, chungu cha kuchachulia unga hakikuoshwa hata siku moja. Mama alibakiza rojo chachu chini, kiasi cha kujaza kiganja, kisha jioni akalimwagia unga mpya na maji ya vuguvugu. Asubuhi lote limechachuka, tayari kwa uji. Kile kilichobakizwa tulikiita mbegu. Siku hizi wajukuu wangu wananiambia kazi ile ilifanywa na vijidudu visivyoonekana. Sawa. Sisi tulijua tu kwamba mbegu hailiwi.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, mvua zilikosa. Mtama uliisha, ng'ombe wakabaki mifupa, tukaanza kula mahindi ya njano ya msaada. Bibi, mama yake baba, alikuwa mgonjwa kitandani, na unga ule ulimtapisha.

"Unanuka gunia," alisema.

Lakini mama akiuchachua kwa mbegu, harufu ya gunia ilipotea na bibi akamaliza bakuli zima. Hakula kitu kingine. Nililijua hilo vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mtoto wa kunyonya.

Mchana mmoja mama alikwenda mtoni kufukua maji kwenye mchanga. Nilikifunua chungu cha mbegu. Nilichovya kidole kimoja, nikakilamba. Nikachovya tena. Mwisho nilikiinamisha chungu, nikakikwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka kikawa kikavu.

Mama aliporudi akachungulia ndani.

"Nani?"

Bibi akaniita, "Njoo hapa, ng'wana wane." Nilipoinama alininusa mdomo. Kisha akampazia mama sauti kwa nguvu alizobakiwa nazo: "Nimekula mimi, mayu. Njaa haina adabu."

Bibi alikuwa na mwezi mzima hajasimama kwa miguu yake.

Mama alizunguka kwa majirani kuomba mbegu, lakini vyungu vyao vilikuwa vimekauka zamani. Akakoroga unga mpya, akaufunika, akangoja uchachuke wenyewe. Siku ya kwanza haukubadilika. Siku ya pili ulinuka uozo. Siku ya tatu alimpikia bibi uji hivyo hivyo, bila uchachu. Bibi akautapika, akageukia ukutani. Alfajiri ya siku ya nne alifariki.

Tuliporudi kutoka kumzika, mama alifunua chungu. Uchachu ulikuwa umekuja, safi kabisa. Akapika uji, akajaza bakuli la bibi, akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Kunywa," akasema.

Hakunipiga, wala jambo lile halikutajwa tena mpaka naye akafariki. Afadhali angenipiga. Niliunywa wote mbele yake, kwa sababu nilikuwa na njaa, na ulikuwa mtamu.