Baiskeli ya Amadi Iliyonyamaza

Mtaa mzima wa Kamalondo ulijua kwamba fundi Kasimu hashindwi na baiskeli yoyote, isipokuwa ya mdogo wake. Mwaka mzima Amadi alimsihi kaka yake, "Yaya, unitengenezee ile vitesi," yaani gia, naye alijibu kesho, keshokutwa. Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu hata kichwa cha nduguye hakukigusa. Kisha homa ikamkamata Amadi, na wiki haikuisha akazikwa.

Sasa mjane wake, Sofia, alikuwa ndani akikaa eda, na Kasimu alikuwa uani mwa nyumba hiyo, ameipindua ile baiskeli kuukuu magurudumu juu. Ahadi ni deni, alijiambia, hata kama anayedai yuko kaburini. Alitaka jambo moja tu: gia ya ndugu yake ishike sawasawa, moyo wake upate kutulia.

Kutu aliisugua kwa majivu na mafuta, ikatoka. Gia ndiyo iliyomtoa jasho. Kila mnyororo ulipotakiwa kupanda kwenye duara kubwa la meno, lile la kupandia vilima, ulisita, ukagonga kra-kra-kra, ukateleza kurudi chini. Alibadilisha waya uliochakaa. Kra-kra-kra. Akakaza skrubu, akailegeza, akatukana kidogo. Kra-kra-kra. Nyuma ya pazia la jikoni alisikia kuni zikivunjwa na sufuria ikiwekwa motoni. Alidhani shemeji yake ameona njaa.

Mwishowe alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akafumba jicho moja, akaona. Chuma kinachoongoza mnyororo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Zamani Amadi alianguka akitoka mpakani Mokambo na mzigo wa vitenge. Walicheka wote wawili, na hakuna aliyekitazama chuma. Kasimu alikishika kwa spana kubwa, akakinyoosha polepole, akazungusha pedali. Mnyororo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena bila mlio wowote. Machozi yalimtoka. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma.

"Shemeji," Sofia aliita nyuma ya pazia. "Ile makelele iko wapi?"

"Imekwisha, mama. Nimetengeneza. Sasa kinga ya Amadi inatembea muzuri."

Sofia alisogea karibu na pazia.

"Juu ya nini umetengeneza? Ile makelele ndiyo ilikuwa inaniambia bwana yangu anafika. Akipanda pale kwenye kona, nasikia, nateleka maji ya bukari, napima unga. Na leo nilisikia, nikateleka. Kichwa inajua alikufa, shemeji. Mikono haijajua." Akavuta pumzi. "Uirudishe."

Kasimu hakuwahi kuharibu baiskeli nzima tangu azaliwe. Alikipinda chuma. Mnyororo ukalia, lakini kwa sauti nyembamba.

"Ile haiko yake," alisema Sofia.

Akakipinda zaidi, akaurudisha waya wa zamani, akalegeza skrubu. Mlio ulikuja mwingine, tena mwingine, kama baiskeli za watu wasiowajua zinapita barabarani.

"Haiko yake."

Akasukuma spana mara moja zaidi, na chuma kikakatika.

"Acha, shemeji," Sofia alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

Maji yalikuwa yamechemka. Upepo ukainua pazia, Kasimu akamwona akiipua sufuria, kisha akirudisha unga mfukoni, konzi kwa konzi, unga aliokuwa ameupima wa watu wawili.