Upanga Usio na Mwiko

Mwanangu, nimesoma habari za mkuki ulioubuni kwenye daftari lako la mchezo, ule usiokosa shabaha hata mara moja. Kabla hujampa mchezaji wako, keti kidogo. Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka, miaka ya themanini, nikisoma sekondari hapa Kilifi.

Mwalimu mmoja mgeni alipoondoka alituachia dadu zenye nyuso ishirini na maelezo ya mchezo wake: mmoja husimulia safari, wengine huwa wasafiri, na dadu huamua nani atashinda. Msimulizi nilikuwa mimi, na silaha za uchawi nilizibuni mwenyewe. Sahibu yangu Kazungu alikuwa na mkosi wa dadu, kila mara akifa wa kwanza na kuchekwa. Nikamhurumia. Nikambunia Upanga wa Radi: alama kumi zaidi kila arushapo dadu, hukata mawe, na ukitupwa hurudi mkononi. Huruma ikinizidi huwa sina akili, na mpaka leo sijapona.

Kwa Jumamosi tatu Kazungu aliua kila kitu kwa pigo moja. Ya nne, Dama, aliyetushinda wote kwa kufikiri, aliweka chini karatasi yake ya mchezo.

"Mimi hapa nafanya nini?" akauliza. "Kazungu atosha."

Akaenda zake, na wenzetu wawili wakamfuata. Tukabaki mimi na Kazungu, naye mwenyewe akaanza kupiga miayo. Niliumia, maana mchezo ule ndio uliotufanya marafiki. Kumnyang'anya upanga nako sikuweza. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Nyumbani Kibarani nilimkuta hawe, mama yake baba, mganga wa mitishamba, akianika mizizi. Nikamweleza yote.

"Na mwiko wa upanga huo ni upi?" akauliza.

"Hauna, hawe."

"Basi umempa sumu. Mimi nikitoa dawa, nasema huyu asile papa mpaka mwezi uandame. Mkewe atampikia mbali, jirani atamkumbusha. Mwiko humrudisha mtu kwa watu wake. Wewe umempa mwenzio nguvu ya kutomhitaji mtu."

Nilikasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikaapa kuurekebisha. Mwiko wa kwanza, wa kupiga mara moja kwa mwezi, ulikuwa mzito. Kazungu akasema heri abebe rungu. Wa pili, wa kutokula samaki, haukumzuia lolote. Wiki nzima tulirusha dadu, nikifuta na kuandika, hadi nikapata huu: upanga hautoki mpaka mwenzako akushikie ala unamolala, na pigo huenda pale anapochagua yeye.

Nikaenda kwao Dama, nikamwomba radhi, nikamsihi aje mara moja tu. Alikuja, uso ameukunja. Katika safari niliyosimulia, zimwi lilipotokea kisimani, Kazungu alitaka kupiga, akasita, akamgeukia.

"Dada Dama, nishikie ala."

Dama alimwacha angoje kidogo.

"Nimeishika," akasema. "Lakini piga kivuli chake, si yeye."

Hata mimi msimulizi sikuwa nimeliwaza hilo; dadu ikarushwa, zimwi likaanguka. Jumamosi iliyofuata walirudi wote.

Mwanangu, usiogope kubuni silaha kali. Ila kila nguvu unayompa umpendaye, mchezoni na nje ya mchezo, ifunge na mwiko, kisha ujaribu mwiko huo mpaka ukae sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, nawe usimdanganye mtu kwamba chake kitavunja. Haya, rudi kwenye daftari lako. Mungu akupe mkono wenye nguvu, na asikunyime wa kukushikia ala.