Kipimo cha Kibonge

Mama mdogo ni fundi cherehani, na mdomo wake haujawahi kumvunja mteja moyo. Aje mwanamke mwembamba kama ufito au mnene mpaka kiti kilalamike, atasikia: "Dada, umbo unalo. Kazi yangu mimi ni kulisindikiza tu." Wateja hutoka wakicheka.

Wakishatoka, yeye hugeukia kioo. Hujishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake. "Tazama furushi hili." Kisha huvuta pumzi ndani, hujigeuza upande, huzungusha futi kiunoni. Nguo zake huzishona kwa kipimo hicho. "Nitapungua," husema. Mimi naendelea kupiga pasi.

Binti yake ana miaka minane, tunamwita Kibonge. Jina alilitoa mama yake mwenyewe, kwa mapenzi. Akitoka shule hukaa chini ya meza ya kukatia, mikono kwenye vitambaa, macho kwenye kioo.

Shangazi yake alipokaribia kuolewa, Kibonge alichaguliwa kushika maua mbele ya bibi harusi. Akaringa, hata salamu zikawa za kuombwa. Mama mdogo akampima mbiombio kati ya mteja na mteja, akakata, akashona. Asubuhi ya harusi zipu ikafika katikati ya mgongo, ikagoma.

"Umekula nini wewe?"

"Sijala." Kweli, tangu jana yake alikuwa akisukuma sahani. Nilidhani ni furaha.

"Mbona nilikupima mwenyewe?"

"Nilibana tumbo."

"Unabana tumbo ukipimwa! Nani kakufundisha ujinga huo?"

Mtoto akamshangaa. "Si ndivyo tunavyopimwa, mama?"

Mama mdogo akanituma chai na mkate. Niliporudi alikuwa ameshika gauni lake mwenyewe, jipya, la kitambaa kilekile cha gauni la mtoto, anafumua ubavu apate kipande cha kuongezea.

"Sasa wewe utavaa nini?" nikamuuliza.

"Lile pana la zamani. Angalau nitakaa nile."

Akapiga magoti na futi yake. Kibonge akavuta pumzi, uso ukamvimba.

"Achia."

"Nimeachia."

Hakuwa ameachia. Nje gari la kutupeleka harusini lilipiga honi. Mama mdogo hakukaripia wala hakuhimiza. Aliishika futi ikiwa imelegea, akangoja, mpaka mtoto akashindwa, akapumua.